Laini ikinyamaza, kazi ya usiku imekufa au inaendelea?

Mei 2024 sisi watu wa kusini tulikatiwa njia mbili ndani ya mwezi mmoja. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu mwanzoni mwa mwezi, mvua zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, malori yakakwama pande zote mbili. Kisha tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikalegea Tanzania na nchi jirani. Mtaani watu walilalamika kwamba picha hazifunguki kwenye WhatsApp. Mimi nilikuwa nawaza kazi zilizokuwa zimeshaanzishwa kwenye mitambo ya mbali wakati laini inakatika. Dakika ile, nani alijua zimefika wapi?

Ndiyo shughuli yangu hiyo. Mimi ni mtu wa operesheni, wale wanaokesha kuhakikisha kazi za bechi, yaani kazi za kompyuta zinazoendeshwa kwa mkupuo, zinakwenda kwa mpangilio. Mitambo yenyewe ni meinfremu, yaani kompyuta kubwa za mashirika, na haipo Mtwara. Iko nje ya nchi, kwenye vituo viwili vilivyo miji tofauti, nami naifuatilia kwa laptopu nikiwa hapa Chuno, Mtwara. Vijana wengi wa TEHAMA hapa Mtwara na Lindi wakisikia neno meinfremu wanadhani ni kitu cha makumbusho. IBM ilitangaza meinfremu zake za System/360 tarehe 7 Aprili 1964, na ukoo ule haujakatika mpaka leo: mashine za sasa zenye z/OS, mfumo endeshi wa IBM, bado zinaendesha programu zilizoandikwa miongo mingi iliyopita, hasa kwenye mabenki makubwa, bima na mashirika ya ndege. Usiku, wateja wakiwa wamelala, ndipo zinapofanyika kazi nzito: kukokotoa riba, kufunga siku, kutoa taarifa za akaunti, kuandaa mafaili ya malipo ya kesho.

Kazi hizo haziendeshwi kwa mkono. Kuna skejula, programu inayojua kwamba kazi ya pili haianzi mpaka ya kwanza iishe salama, ya tatu inangoja faili litoke nje, na ya nne ni ya mwisho wa mwezi peke yake. Ninayoifahamu zaidi ni ile ya IBM iliyoanza kwa jina la OPC, ikapitia jina la Tivoli, na sasa inaitwa Z Workload Scheduler. Ina sehemu mbili kubwa. Kontrola ndiyo inayoshika mpango wa siku: nini kifanyike, lini, baada ya nini, wapi. Traka inakaa kwenye kila mtambo unaofanya kazi. Kontrola inapeleka kazi, traka inaikabidhi kwa JES, yaani ile sehemu ya mfumo inayopokea kazi na kuzipanga foleni, halafu traka inarudisha habari: imepokelewa, imeanza, hatua fulani imekwisha, kazi imemalizika na kodi hii, yaani namba inayosema kama imeisha salama au la.

Vyote viwili vikiwa kwenye mtambo mmoja, hakuna cha kusimulia. Mambo huanza pale kontrola inapowekwa mji mmoja na traka mji mwingine, katikati kukiwa na TCP/IP, utaratibu wa mawasiliano wa intaneti.

Hapo hata mainjinia wazuri wa mtandao hupotea njia. Wanadhani laini ile inabeba kazi. Kinachopita pale ni mistari ya JCL, yaani maelekezo ya kuendesha kazi, kwenda, na habari fupi fupi kurudi. Kazi yenyewe inafanyika kule kule ilipo data, na laini ikikatika haijui lolote. Inaendelea kusoma na kuandika mpaka mwisho. Kilichokatika ni habari zake. Kwa hiyo mtu akiniuliza jambo la kwanza la kuamua wakati wa kuunganisha kontrola na traka, simwambii kasi ya laini. Namwambia aamue kila upande uamini nini pale mwenzake anaponyamaza.

Mkulima wa korosho wa Tandahimba analielewa hili kuliko wahitimu wengi niliowahi kukaa nao. AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inapima magunia, lori linapakia kwenda ghala kuu, kule yanapimwa tena na stakabadhi inatolewa. Stakabadhi ikichelewa, hakuna katibu mwenye akili timamu anayesema "basi mzigo haukufika, tupakie mwingine." Anajua lori linaweza kuwa limeshafika na karatasi ndiyo iliyokwama. Anapiga simu ghalani, anataja namba ya hati ya mzigo, anauliza kuhusu mzigo ule ule. Na ghala nalo, likishapokea hati yenye namba ile, haliipokei mara ya pili hata ikiletwa na mtu mwingine.

Traka imeundwa kwa akili hiyo hiyo. Habari za kazi inazipata kutoka ndani kabisa ya mfumo: kwa JES, na kwa SMF, ile sehemu inayorekodi kila kinachotokea kwenye mtambo. Kila tukio lina alama yake. Kwenye JES2, aina mojawapo ya JES, kazi ikisomwa inaandikwa A1, ikianza A2, ikimalizika A3J. Kabla habari hizo hazijategemea mtandao, traka inaziandika kwenye faili la matukio lililo diskini, pale pale kwenye mtambo wake. Laini ikirudi, kontrola na traka zinaangalia ziliishia wapi, na habari zilizokwama zinatiririka kwa mpangilio wake. Kazi iliyoanza saa saba usiku na kuisha saa nane usiku, laini ikiwa imekatika muda wote huo, itaonekana kwenye kontrola na saa zake za kweli, kama vile laini ilikuwepo.

Lakini faili lile lina ukubwa wake, na likifika mwisho linaanza kuandika juu ya mwanzo wake. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Wakati wa kusimika mfumo mtu anachukua ukubwa wa mfano uliomo kwenye kitabu cha maelekezo, anaendelea na mengine. Ukubwa wa faili la matukio unatakiwa utokane na swali moja: laini yetu inaweza kukatika kwa muda gani, na ndani ya muda huo mtambo unatoa matukio mangapi usiku wenye kazi nyingi kuliko zote? Usiku wenyewe ni wa mwisho wa mwezi. Ukipimia usiku wa Jumanne ya kawaida, siku ya mvua kubwa utapoteza habari zile zile ulizozihitaji kuliko zote.

Sasa upande wa kontrola. Yenyewe ikiona traka imepotea, inauweka mtambo ule kwenye hali ya kutokuwa hewani, na mpangilio unakuuliza: kazi zilizokuwa zimeshaanza zifanyweje? Majibu ni matatu. Ziachwe kama zilivyo. Zihesabiwe kuwa zimeshindwa. Au zirudishwe kwenye foleni zianzishwe upya. Kazi ambazo hazijaanza nazo zinaweza kungoja au kuhamishiwa mtambo mwingine. Kuna pia mpangilio wa kuipa laini dakika kadhaa za kujirudi kabla kontrola haijachukua uamuzi wowote, nao nausisitiza kila mahali, maana laini nyingi hupepesa tu.

Kati ya majibu yale matatu, kwa kazi inayogusa fedha, mimi nasema ziachwe. Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona matokeo ya jibu lingine. Kwenye taasisi moja ya nje niliyokuwa nikiifuatilia, kazi ya kuingiza malipo kwenye akaunti ilianza vizuri kwenye kituo cha kwanza, kisha laini ikanyamaza. Skrini ya kontrola ikabaki inasema kazi imeanza, muda wake wa kawaida ukapita, ukapita tena. Mtu wa zamu akapiga simu kituo kile, hakupokelewa. Faili la malipo lilikuwa na nakala kwenye mtambo wa akiba wa kituo kingine, na yeye alikuwa na mamlaka ya kuamua, basi akaipeleka kazi huko. Ile ya kwanza ilikuwa hai, ikamaliza. Ya pili nayo ikamaliza. Zote zilileta kodi sifuri, safi kabisa. Asubuhi watu waliamka wamelipwa mara mbili, na kuzirudisha zile hela ilichukua muda mrefu kuliko usiku wote ule wa kazi, kwa sababu wengine walikuwa wameshatoa.

Simlaumu mtu wa zamu. Mfumo ulimwonyesha neno moja, imeanza, kwa hali mbili zilizo tofauti kabisa: kazi inayoendelea, na kazi ambayo hakuna mwenye habari zake. Watu wakaja na swali la haki: si mfumo una kinga zake? Unazo. JES2 kwa kawaida haiziachi kazi mbili za jina moja ziende kwa pamoja. Ya pili hungojeshwa mpaka ya kwanza iishe. Faili lililofunguliwa kwa DISP=OLD, yaani kwa kushikwa na kazi moja peke yake, haliguswi na mwingine. Ila kinga hizo zinaishia kwenye mpaka wa mitambo inayojuana, ile inayoshirikiana foleni ya JES au ufunguo wa mafaili. Ukivuka kwenda kituo kingine kilichounganishwa kwa mtandao tu, kule hakuna anayejua kwamba huku kuna kazi ya jina hilo. Kinga pekee iliyobaki ni ile iliyoandikwa ndani ya programu yenyewe: kabla ya kuingiza malipo, angalia kama namba ya bechi hii imeshaingizwa, na kama imeshaingizwa simama. Ni mistari michache ya COBOL, lugha ambayo programu nyingi hizi zimeandikwa. Taasisi ile iliiweka baada ya tukio.

Kilichoifanya laini inyamaze ni jambo ambalo kila anayeunganisha mifumo ya aina hii atakutana nalo, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu.

TCP ikishaunganisha pande mbili, kisha zikanyamaza zote mbili, hakuna kinachopita kwenye waya. Hakuna kabisa. Muunganiko upo tu kwenye kumbukumbu za mashine hizi mbili. Upo utaratibu wa kutuma kipande kidogo mara moja moja kuuliza kama mwenzako bado yupo, lakini kanuni za intaneti, RFC 1122 ya 1989, zinataka kwamba utaratibu huo ukiwashwa bila mtu kutaja muda wake, usingoje chini ya saa mbili. Linux inafuata hivyo, sekunde 7200. z/OS nayo inakuja na dakika 120. Katikati ya njia kuna fayawoli, mlinzi anayechuja kinachopita mtandaoni, na fayawoli ina kumbukumbu yake ya miunganiko, ambayo haiwezi kuijaza milele. Nyingi zimepangwa kuusahau muunganiko uliokaa kimya saa moja, na zikishausahau hazimwambii mtu.

Piga hesabu. Kati ya saa ya kwanza na ya pili ya ukimya, muunganiko umekufa na hakuna upande unaojua. Kontrola inaonyesha umeungana, traka inaonyesha umeungana. Siku za shughuli nyingi tatizo halionekani kamwe, kwa sababu habari zinapita kila dakika. Linajitokeza usiku ule ambao kuna kazi moja ndefu inayokwenda peke yake, isiyotoa tukio lolote kwa zaidi ya saa moja. Na kazi ndefu inayokwenda peke yake, mara nyingi, ndiyo kubwa kuliko zote.

Jambo hili nimelionyesha kwa macho hapa hapa kusini. Kuna emuleta inaitwa Hercules, ilianzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, inayoifanya kompyuta ya kawaida ijifanye meinfremu. Juu yake unaweza kuweka MVS 3.8, mfumo wa zamani wa IBM unaopatikana bure, babu wa z/OS ya leo. Laptopu kuukuu inatosha. Moja ninayo mimi Mtwara, nyingine anayo dada mmoja Lindi mjini anayefundisha kompyuta, zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka kwangu. Nodi zetu, yaani mitambo hiyo miwili, tumeziita MTWARA na LINDI. Majina ya nodi yasizidi herufi nane. Tunatumiana kazi kwa NJE, utaratibu wa mitambo ya IBM kupelekeana kazi na matokeo yake. Kwenye z/OS ya kazini unaandika kadi moja tu, yaani mstari mmoja, ndani ya JCL:

/*ROUTE XEQ LINDI

na kazi iliyoingilia Mtwara itafanyika Lindi, matokeo yarudi Mtwara. Kwa TCP/IP, NJE inatumia poti 175. Ukiyanasa mazungumzo ya mwanzo unaona kitu kizuri: rekodi ya baiti 33, ina neno OPEN, jina la anayepiga, jina la anayepigiwa, na anwani zao za IP. Majina yote yako kwa EBCDIC, utaratibu wa IBM wa kuandika herufi kwa namba, ambamo herufi A ni C1, si 41 kama kwenye ASCII. Ndiyo maana mtu anayeangalia kwa programu ya kawaida ya kunasa mtandao anaona vurugu na kudhani data imeharibika.

Shida yetu ilikuwa mitandao ya simu. Bando la simu halikupi anwani ya umma. Uko nyuma ya lango la kampuni pamoja na maelfu ya wengine, unaweza kupiga lakini huwezi kupigiwa. Tukakodi seva ndogo yenye anwani ya umma, kila mmoja akaungana nayo kwa WireGuard. (Kwa wenzangu wa Tanzania: WireGuard ni VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, na tangazo la TCRA la Oktoba 2023 liliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao kujisajili. Fanyeni hivyo kabla ya kuanza.) Laini ikasimama, nodi zikajuana, tukatumiana kazi moja, ikaenda na kurudi. Tukaiacha kimya makusudi, kisha nikatuma nyingine. Akanipigia.

"Kaka, hiyo kazi umeituma?"

"Nimeituma, dada. Kwangu inaonyesha imetoka."

"Mbona sijaiona? Na laini huku inasema imeungana."

"Hata huku imeungana."

Wote tulikuwa sahihi kwa kadiri ya skrini zetu. Lango la kampuni ya simu upande wa Lindi lilikuwa limeshaisahau njia ya kurudi kwake, kwa hiyo kila kilichotoka kwangu kilifika kwenye seva, kikaelekezwa Lindi, kikaangukia mlangoni. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja kwenye mpangilio wa WireGuard, PersistentKeepalive = 25, unaotuma kipande kidogo kila sekunde 25 ili njia isisahaulike. Ni tatizo lile lile la fayawoli ya kituo kikubwa, kwa vipimo vya bando la simu. Wanafunzi wake waliokuwa pale walielewa ndani ya dakika chache jambo ambalo nimeona likibishaniwa kwenye mikutano na watu wenye vyeo.

Kwenye mitambo ya kweli dawa inapakwa sehemu tatu. Upande wa z/OS punguza muda wa kuulizana uwe mfupi kuliko uvumilivu wa fayawoli. Ikiwa fayawoli inasahau baada ya saa moja, ulizana kila dakika kumi. Upande wa fayawoli, omba muunganiko wa kontrola na traka uandikiwe muda wake wa peke yake, na ombi hilo liwe kwa maandishi, kwa sababu fayawoli hubadilishwa na anayekuja hajui kilichokubaliwa. Na upande wa skejula, weka kazi ndogo isiyofanya chochote, ipite kwenye kila mtambo kila robo saa. Kazi hiyo ndogo naipenda kuliko hizo mbili za mwanzo. Inapita njia nzima, kutoka kontrola hadi traka hadi JES na kurudi, kwa hiyo isiporudi unajua ndani ya robo saa, na unajua kabla kazi ya malipo haijaanza.

Saa nazo zina shida yake, nitaigusa tu. Mpango wa siku unafuata saa ya kontrola. Kama traka iko nchi yenye saa tofauti, amueni mapema kazi ya "usiku wa manane" ni usiku wa nani, hasa kwenye nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka. Sisi Tanzania hatusogezi saa, kwa hiyo mtu wa zamu aliye huku husahau kwa urahisi kwamba wenzake wamesogeza.

Kabla mfumo haujapokelewa rasmi, nataka laini ikatwe mbele yangu. Anzisha kazi ndefu, chomoa waya, subiri kazi iishe, rudisha waya, kisha angalia kama kontrola imepata saa ya kweli ya kumaliza. Halafu rudia, safari hii usichomoe waya, bali iambie fayawoli itupe vipande kimya kimya, kwa sababu waya uliochomolewa hupiga kelele na fayawoli haipigi. Kisha jaribio ambalo wengi hulikwepa: kata laini, zima traka, iwashe tena laini ikiwa bado imekatika, ndipo uirudishe. Hapo utajua kama faili la matukio linatunza habari kweli au lilikuwa linategemea kumbukumbu ya muda.

Jambo la mwisho ninalolidai haliko kwenye programu yoyote. Kwenye karatasi ya zamu, pembeni ya kila kazi inayogusa fedha, liandikwe jina la mtu mmoja mwenye ruhusa ya kutangaza kwamba kazi hiyo imekufa, na namba ya simu ya mtu aliye kwenye kituo kile anayeweza kuiangalia kazi hiyo ndani ya JES kwa namba yake. Namba mbili, ya kwanza na ya akiba, zote zimejaribiwa wiki hiyo. Asipopatikana hata mmoja, kazi inabaki jinsi ilivyo mpaka laini irudi, hata kama malipo yatachelewa hadi mchana.